Mbatilishaji wa Ufunguo wa Binti Yako

Kwako Dada yangu mpenzi,

Natumai goti lako limekubali kupanda ngazi bila manung'uniko, na wote hapo nyumbani hamjambo. Mimi ni mzima kama chuma. Juzi nilibeba jenereta peke yangu kutoka kwenye gari hadi ndani ya karakana, mwenye gari akaniuliza kama niliwahi kuwa bondia. Sikumkatalia.

Dada, najua umenuna. Shemeji kanipigia, kaniambia tangu tulipokula kwako hupokei simu za binti yako. Unasema akazungumze na huyo mjomba wake aliyepewa ufunguo wa siri zake. Basi nisikilize.

Binti yako, kama ujuavyo, anatengeneza maktaba. Si ya vitabu: ni vipande vya programu ambavyo mafundi wenzake wa kompyuta huvitia kwenye kazi zao, ili barua za watu zisisomwe na kila mpita njia. Kila mtu humo ana ufunguo wake, ambao pia ndio sahihi yake. Mwezi uliopita alikuwa anaandika sehemu inayomruhusu mwenye ufunguo kumteua mbatilishaji, yaani mtu wa kutangaza kwamba ufunguo ule haufai tena ukiibwa. Akaja karakana, akanitengenezea ufunguo wangu kwenye kompyuta yangu yenye grisi, akaniteua. Mimi, niliyeagana na shule kabla ya kufika kwenye mabano ya hesabu!

Wiki iliyopita kompyuta yake ikaibwa kazini ikiwa imewashwa, na ufunguo wake humo humo, bila nakala ambayo angeubatilishia mwenyewe. Mwizi akaanza kusambaza programu mbovu kwa sahihi yake. Mwanao alinipigia analia, anasema nani atamwamini tena. Nikafuta mikono, nikabonyeza alivyonielekeza. Dada, taa za mtaa mzima zilififia! Mafeni yakasimama! Haya, labda ni mashine ya kuchomelea ya jirani. Lakini ufunguo ulikufa, na kompyuta zinazotumia maktaba ile zikaanza kuikataa sahihi ya mwizi. Jina la mwanao likapona.

Sasa nikwambie ukweli, na usimsomee shemeji kwa sauti. Pale mezani nilipojigamba kuwa nimeushika ufunguo wa binti yako na nasoma kila anachoandika, nilitia chumvi. Ufunguo wake sijawahi kuushika. Wangu unaweza jambo moja tu kwa wake: kuuua. Siwezi kusoma hata salamu yake, wala kuandika neno kwa jina lake.

Nilimuuliza kwa nini hakukuteua wewe. Akacheka, akasema mama ni wa kuambiwa siri, na kazi hii inataka mtu asiyeweza kunyamaza. Mama angeanza kwa kumfichia aibu. Mjomba angetangaza hadi sokoni. Ilinichoma kidogo, Dada. Halafu nikakumbuka kwamba sokoni nilikuwa nimeshatangaza.

Sasa ana ufunguo mpya na ameniomba nimshikie kazi ile ile. Nimekubali kwa sharti kwamba akupigie wewe kwanza. Barua hii ikikufika, simu yake itakuwa njiani. Ipokee. Ana mengi ambayo mimi hajaniambia.

Msalimie shemeji, na ulipake goti mafuta.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Jenereta,
Mbatilishaji Mkuu (peke yangu, lakini mkuu)