Wimbo wa Mwisho ni wa Salamu

Ijumaa, 2 Machi 2012

Ubao wa duka uko nje tangu saa tatu. Wiki hii napendekeza albamu tatu. Ya kwanza: Letuka, nyimbo nane. Ya pili: kwaya ya akina mama wa kusini. Ya tatu: yule kijana wa kinanda anayeimbia puani — nimemweka kwa huruma, na kwenye kadi yake ubaoni nimeandika hivyo hivyo.

Kodiani ya Letuka imerudi! Miaka minne alikuwa anajirudia tu. Sasa wimbo wa pili utakufanya uache ugali uungue. Jana nilisikiliza saba mfululizo. Wa nane ni wa salamu, kama kwenye kila albamu — namsalimu dereva fulani, nalisalimu duka fulani. Nani ana muda na salamu za watu? Nikazima, nikaandika ubao.

Kopi kumi na tisa zimetoka kabla ya saa sita. Watu hawaulizi. Wanasoma, wanachukua. Miaka kumi na saba, na ubao wangu haujamdanganya mtu.

Jumamosi, 3 Machi

Aibu. 

Leo amezikwa Tumo, mpiga ngoma wa mwimbaji Rapitso, hasimu wa Letuka. Alipigwa risasi Jumapili iliyopita, mchana kweupe, akitoka baa. Watu wa Rapitso na watu wa Letuka hawakai baa moja, hilo kila mtu hapa analijua. Wanajitanda mablanketi: ya kijivu ni ya Rapitso, ya kijani ni ya Letuka. Mimi nawauza wote wawili na sivai rangi ya mtu.

Maiti ikipita, muziki unazimwa. Hata mtoto anajua. Lakini nilikuwa stoo nafungua maboksi, na Pheello, mume wangu huyu, alikuwa amesinzia kwenye kiti chake mlangoni. Spika ya nje inaimba Letuka. Nilitoka mbio. Gari la maiti limesimama mbele ya duka kabisa. Nyuma yake mablanketi ya kijivu, watu labda mia. Wanaisikiliza spika.

Ulikuwa wimbo wa nane.

Nilipozima wakaendelea na safari. Mmoja alibaki akisoma ubao mpaka chini, halafu akawafuata.

Jumapili, 4 Machi

Sikwenda kanisani. Nimesingizia kichwa. Nimeusikiliza wimbo wa nane kwa hedifoni, mara nne.

Anawasalimu madereva. Anamsalimu mama yake. Halafu sauti inashuka: na nyinyi mliolala, lalani. Anataja majina. Matano ni watu wa Rapitso waliouawa mwaka jana na mwaka juzi. Nawajua wote, nimewauzia kaseti. La sita ni Tumo.

La saba ni mimi: na Mama Likeleli wa duka la ubao, anayejua nani wa kwanza.

Kodiani inamalizia hapo.

Sasa je, hapo amerudi kwenye salamu, au bado yuko kwenye waliolala? Nimetafuta mahali alipovuta pumzi katikati. Hakuna.

Jumatatu, 5 Machi

Nimempigia simu dereva anayetuletea mizigo kutoka Maseru. Nikajifanya nataka kopi zaidi. Kisha, kama mtu anayepiga soga tu, nikauliza ile kazi ya Letuka ilirekodiwa lini. Anasema Januari. Kopi zilitoka kiwandani tarehe nane Februari, zikakaa stoo kungoja watu wapate mishahara.

Tumo amekufa tarehe ishirini na sita.

Nimeing'oa kadi ya Letuka ubaoni. Baada ya saa moja nimeirudisha. Ukiing'oa umeshasema kitu.

Jumanne, 6 Machi

Nimekwenda polisi. Afisa ananijua, ni mteja.

"Mama, umetajwa kwenye albamu inayouzwa nchi nzima, halafu unakuja kushtaki? Wenzako wanatoa kondoo ili watajwe."

Wenzake wakacheka sana. Nikamwambia hebu afikirie ni lini Tumo aliimbwa na ni lini alikufa. Akaacha kucheka. Akafunga daftari bila kuandika, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina ndugu ng'ambo ya mpaka.

Ninaye binti, Likeleli, yuko Bloemfontein. Kumwambia sitamwambia. Pheello naye namficha. Kifua chake ni cha mgodini, na masikio aliyaacha huko huko. Maneno ya nyimbo hayapati, anapokea mdundo kwa miguu. Akijua, atachukua fimbo yake aende kwa Letuka. Hatafika hata kona ya pili.

Naogopa. Nimeliandika, basi. 

Jumatano, 7 Machi

Rapitso kaja mwenyewe! Peke yake, blanketi begani, kofia mkononi. Kamsalimu Pheello kwa adabu zote, kauliza habari za kifua chake. Nikaanza kuomba radhi kwa ile Jumamosi. Akanikatiza.

"Mama, wewe ulikuwa stoo. Mzee alikuwa amelala. Tumeuliza."

Wameuliza! Wamemuuliza nani?

Kaweka CD juu ya kaunta. Albamu yake, inatoka Ijumaa hii. Nikamwambia sina ahadi ya kumpa mtu, ubao unaandikwa na masikio yangu. 

"Ndiyo maana nimekuletea wewe," akasema. "Aliyekutaja yule ametaka uwe wake. Mimi nataka usikilize tu. Yote, mama. Na wa mwisho."

Wa mwisho kausisitiza. Nikaona haya, maana kumbe anajua huwa siusikilizi.

Alhamisi, 8 Machi

Nilimwomba Mungu iwe mbaya. Ingekuwa mbaya ningeiweka ya tatu, ningesema ukweli, mambo yakapoa.

Si mbaya. Ni kazi bora kuliko zote zilizopita juu ya kaunta hii. Kodiani haina haraka, na sauti yake imechanika palepale inapotakiwa. Wimbo wa nne nilikaa chini sakafuni. Pheello alikuja akavua viatu, akasimama karibu na spika. Akasema, "Huyu mpiga ngoma ni nani?" Nikaenda stoo nikalia.

Wimbo wa salamu hauna jina hata moja. Ni ngoma ya Tumo tu, dakika mbili.

Nimepiga hesabu zote. Nikiandika Rapitso wa kwanza, Letuka atasema nimemkana mbele ya watu, wiki moja tu baada ya kunitangaza. Nikiandika Letuka, nitakuwa nimewauzia watu uongo, na mablanketi ya kijivu yatajua ni uongo, maana wana masikio. Nisipoandika kitu, wote watajua naogopa. Kufunga duka? Pheello ataniuliza kwa nini.

Ningekuwa na akili ningependekeza kwaya.

Ijumaa, 9 Machi 2012

Saa tatu. Ya kwanza: Rapitso. Ya pili: Letuka. Ya tatu: kwaya. Ndivyo masikio yangu yalivyosema, na chaki nimeirudisha mahali pake.

Saa nne kasoro robo. Watu wanasoma, wanatazamana, wanaondoka. Sijauza hata moja.

Saa nne na robo. Kijana wa blanketi la kijani kaja, kaupiga ubao picha kwa simu. Kaingia. "Mama yetu, umetushusha." Nikamwambia wa pili si wa mwisho. Nikamwambia pia kodiani ya Letuka bado naipenda. Akatabasamu vizuri kabisa, meno yote. "Tutamfikishia," akasema. Hakununua.

Saa tano. 'Mathato anayekaanga maandazi mlangoni kwangu — miaka kumi na moja hajakosa siku — anamwaga mafuta ya moto kwenye debe. Unga nusu beseni bado upo. Nimemuuliza anakwenda wapi mapema hivi. Kasema mgongo. Hakunitazama. Kabeba jiko likiwa bado na makaa.

Saa tano na dakika kumi. Barabara nyeupe, hakuna mtu. Duka la nguo mkabala limeshusha mlango nusu.

Nimemwambia Pheello tufunge twende kwa Likeleli, nimemkumbuka ghafla. Amefurahi! Yuko nyuma anatafuta paspoti zetu. Naandika huku nikitazama nje, ili mikono iwe na kazi.

Simu ya duka inalia. Sitaki kuipokea.

Pheello kaipokea kwenye simu ya pili, kule nyuma. Anapiga kelele kama kawaida yake, maana yeye mwenyewe hasikii vizuri. "Nani? Mwandishi wa ubao? Yupo, yupo, ni mke wangu! Tuko wawili tu, njooni, tunawasubiri kabla hatujafu—