Kibali cha Sauti Moja ya Besi

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na mama wa nyumba yako pamoja na wote walio chini ya dari lenu. Ni matumaini yangu kwamba goti lako la kushoto limekuruhusu kupanda ngazi tena, na kwamba yale matone uliyoandikiwa na daktari unayatia machoni, wala huyahifadhi kabatini kama ulivyoyafanya yale ya kwanza. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Presha hupanda na kushuka kama mtu aliyesahau kitu orofani. Nyumba ingali kubwa mno tangu dada yako atutoke miaka minne iliyopita, ingawa siku hizi sina ukimya wa kulalamikia, kwa sababu nitakayoieleza. Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Yapo maneno ambayo mtu wa malezi yetu hawezi kuyatamka huku akimsikia mwenzake anapumua.

Mjukuu wetu, yule uliyembandika jina la Kelele alipokuwa na umri wa miezi mitatu, amehamia kwangu na kukigeuza chumba cha kushonea cha dada yako kuwa studio ya muziki. Amesimamisha magodoro ukutani na kupigilia trei za mayai darini. Nilimwuliza kwa upole iwapo kuku nao watafuata, akanijibu eti babu, trei zinakamata mwangwi. Sikuujua mwangwi kuwa na kosa lolote, lakini nilimwacha aendelee, kwa maana hupika vizuri na hunikumbusha dawa.

Katika kabati la chumba hicho ndimo alimoikuta santuri ya kwaya yetu. Najua huna haja ya kukumbushwa habari zake. Hata hivyo nakusihi univumilie nikizisimulia upya, kwa kuwa jambo lenyewe limelala humo.

Utakumbuka kwamba mwalimu wetu wa kwaya, ambaye kwa ajili ya kimo chake tulimwita Nusu-Noti asipokuwepo, alitunga wimbo wa kungojea, na kwamba katika ubeti wa mwisho alituamuru tunyamaze mapigo manne kamili ndipo sote tuingie pamoja na neno “Tutangoja.” Siku ya kurekodi, katika ukimya ule, sauti moja ya besi iliruka peke yake kwenye pigo la tatu. Ilisema “Tu,” ikajing'ata. Dada yako, aliyesimama safu ya mbele yetu, akatokwa na kicheko cha puani. Fundi wa mitambo akasema utepe umekwisha na kikundi kingine kinagonga mlango, kwa hiyo santuri ikatoka na “Tu” yake na kicheko chake. Wimbo wa kungoja, na ndani yake mtu mzima aliyeshindwa kungoja.

Nusu-Noti aliuliza ni nani. Hakujibu mtu. Wewe wakati ule ulikuwa umeinama kufunga kamba ya kiatu, naye akaona kwamba mtu hainami hivihivi. Akakuondoa katika safari ya mashindano, na tangu siku hiyo ukaitwa Mapema. Miaka hamsini na miwili umeitwa Mapema, hata wajukuu zako wanakuita Babu Mapema, ilhali hujapata kuwahi kitu chochote maishani. Harusini kwako mwenyewe tulikungoja saa nzima, na mchungaji akaanza kutazama ratiba ya mazishi.

Basi, Kelele aliikata ile “Tu” pamoja na kicheko, akavilaza juu ya ngoma. Husikika hivi: tu-tu, tu-tu-tu, halafu kicheko. Mimi niliona ni uharibifu wa mali. Lakini rafiki zake walikuja wakacheza sebuleni mpaka meza ikahama, na fundi wa mabomba, aliyekuja kuziba bomba la jikoni, akasimama kusikiliza, akaanza kutikisa bega moja, kisha la pili, hata maji yakafika ukumbini. Nikamwuliza Kelele kwa nini asiimbishe sauti isiyo na kosa, maana santuri nzima imejaa sauti zilizoingia kwa wakati. Akasema hizo ziko kila mahali, babu. Iliyokosea ni moja tu duniani.

Ipo kampuni iliyokubali kuutoa wimbo huo, nao ndio wa kwanza kwa Kelele. Sharti la kampuni ni kwamba kila kipande kilichochukuliwa kwa watu kiwe na kibali cha wenyewe, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tukaenda pamoja katika ofisi ya haki za muziki. Huko tulipokewa na afisa, mama mmoja mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na moja ya kututazamia. Alitufafanulia kwamba sekunde zile mbili zina wenyewe wa namna tatu: aliyeutunga wimbo, aliyeirekodi sauti, na mwenye sauti. Nilimweleza kwa heshima kwamba enzi zetu mtu akiupenda wimbo wa mwenzake aliuimba tu, kisha akamsalimu wakikutana njiani. Akanijibu kwamba enzi zetu ndizo zinazompa kazi nyingi.

Kibali cha utunzi tulikipata kwa binti yake Nusu-Noti, muuguzi mstaafu. Aliusikiliza wimbo hadi mwisho, mikono kifuani, akasema anatia sahihi, ila tusimwambie mtu yeyote kwamba alitingisha mguu, kwa kuwa baba yake hakuruhusu miguu. Cha kurekodi tulikipata kwa mtoto wa yule fundi, ambaye sasa anauza matairi katika chumba kilekile tulichoimbia. Aliweka karatasi juu ya tairi akatia sahihi, na mpaka leo kibali hicho kina michirizi ya mpira kana kwamba kimegongwa na lori.

Kuhusu kicheko, afisa alisema mimi ndimi mrithi. Alinivisha vidude vya masikioni nihakikishe kwamba mwenye kucheka ni marehemu mke wangu. Nilihakikisha. Kisha nikaomba kusikia mara ya pili, jambo ambalo halikuhitajiwa na fomu, naye akajifanya anatafuta kalamu mpaka nilipomaliza.

Ikabaki sauti. Kelele, kwa kuwa habari hii ameikuta katika ukoo kama alivyoikuta rangi ya macho yake, hakuniuliza. Alikuletea fomu wewe. Nami nilikaa kimya, nikijipa moyo kwamba utakana kama ulivyokana siku zote, na wimbo utatafutiwa kipande kingine. Shemeji, hukukana. Uliijaza kwa ule mwandiko wako mzuri, ukaandika chini yake kwamba ulikuwa ukikataa kwa sababu hukumbuki kufanya kosa hilo, lakini mtu akiambiwa jambo na watu wote kwa nusu karne, huenda wao ndio wenye kumbukumbu. Ukasema unafurahi kwamba kosa lako limepata vijana wa kulichezea. Ukaambatisha picha yako, umevaa tai.

Ile tai imeninyima usingizi.

Afisa aliisoma fomu yako kwa miwani zote mbili, akasema inatosha, ila panahitajika shahidi aliyekuwepo. Kelele akanisukumia karatasi mbele. Iliandikwa kwamba mimi niliyetia sahihi hapa chini naapa kuwa sauti ya besi isikikayo ni ya fulani, na hapo jina lako limekwisha kupigwa chapa. Nilishika kalamu. Nikasoma maneno hayo mara tatu, kwani walimu wetu wa misheni hawakutufunza mengi, lakini kiapo walitufunza kwa fimbo. Ndipo nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikatokea mlango wa nyuma, nikarudi nyumbani kwa miguu. Kelele aliamua kuwa nimeharisha. Alinilaza kitandani siku mbili na kuninywesha maji ya chumvi na sukari, vikombe tisa kwa siku, nami nilivinywa vyote, maana sikuona kwamba ninastahili kinywaji bora zaidi.

Shemeji, sauti ile ni yangu.

Si yako, wala haikuwa yako hata kidogo. Ulipoinama ulikuwa unafunga kiatu, basi. Mimi ndimi niliyepaswa kuutazama mkono wa Nusu-Noti, nami nilikuwa nikiitazama shingo ya dada yako. Alikuwa amesuka siku ileile, na pale nyuma ya sikio palikuwa na nywele chache zilizokataa kusukwa. Niliposhtuka nilidhani wote wameingia, nikaingia. Mwalimu alipouliza ni nani, nilifungua kinywa. Naapa kwamba nilikifungua. Lakini mtu aliyefukuzwa kwaya asingekuwa na sababu ya kumwona dada yako Jumanne na Alhamisi, na kabla sijamaliza kupima hasara hiyo, kidole cha mwalimu kilikuwa kimekwisha kukufikia.

Nafasi yako ya kiongozi wa besi nikapewa mimi. Safari uliyonyimwa nikaenda mimi, na ni katika safari hiyo dada yako alipokubali kunisikiliza kwa mara ya kwanza. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba anajua. Alisema pumzi yangu iliifikia shingo yake kabla ya sauti. Jambo la pili ni kwamba nitakuambia mwenyewe, kwa kuwa yeye hatanisemea. Niliahidi kukuambia baada ya harusi. Kisha baada ya mtoto wa kwanza. Kisha ukawa umenunua ng'ombe na una furaha, nikaona si wakati wake. Kisha ng'ombe akafa, nikaona ndiyo kabisa si wakati wake. Nilitangulia mapigo mawili, Shemeji, nikachelewa miaka hamsini na miwili.

Yeye hakunigombeza hata siku moja. Isipokuwa kila tulipotofautiana, juu ya mapazia, au shule ya watoto, au upande wa kuweka kitanda, alikuwa akisema “Tu,” kwa sauti nzito ya besi, na shauri likaisha. Hiyo ndiyo siri ya yale mapazia ya zambarau uliyonichekea mbele za watu. Siku chache kabla hajatutoka aliniuliza kama nimekwisha kukuambia. Nikasema bado. Akacheka kupitia puani, kama alivyozoea kucheka, akaniambia basi nifunge dirisha, baridi inaingia.

Juzi nilimwita Kelele nikamwambia. Hakusadiki. Alisema babu, unamwonea wivu mwenzako kwa sababu ya picha. Akaniketisha mbele ya maikrofoni, akasema atahesabu nne, nami niingie baada ya nne. Niliingia kwenye tatu. Akasema turudie. Niliingia kwenye tatu. Mara ya nne nilishika kingo za kiti kwa mikono miwili, nikaingia kwenye mbili. Akaziweka sauti hizo zote sambamba kwenye kioo cha kompyuta, ile ya zamani na hizi, akazitazama sana, kisha akageuka akanitazama mimi. Akaniuliza iwapo kweli nimemwachia babu yake mwingine aitwe jina langu tangu kabla mama yake hajazaliwa. Nikasema ndiyo. Akatoka, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Aliporudi alisema fomu zote zinakaa mezani. Hawezi kupeleka yako kwa sababu ni ya uongo usio wako, wala hawezi kupeleka yangu kabla hujajua, kwa sababu ungeisikia habari hiyo kutoka kwa spika ya dukani. Nilimkumbusha kwamba Ijumaa ya mwisho imebaki siku nane, na barua hutembea kwa mwendo wake. Akasema Ijumaa zipo nyingi, babu, andika. Kwa hiyo naandika.

Humu ndani utaikuta fomu yako. Ichane kwa mkono wako mwenyewe, kwa kuwa mimi sikustahili kuichana. Ile yangu nimeijaza, lakini sijatia sahihi, na sitatia mpaka nipate neno lako. Ukisema kipande hicho kiondolewe, Kelele yuko tayari kukiondoa, na ameniagiza niandike kwamba hatakununia. Sikuombi unisamehe upesi. Kasirika kwa nafasi. Ukitaka kunitukana, nakuomba uniandikie kwa herufi kubwa, kwani macho yangu nayo si yale.

Liko ombi moja zaidi, ambalo afisa hana fomu yake. Naomba unikubalie nije kwenu, uwaite watoto na wajukuu wote, nisimame mbele yao niyaseme haya kwa kinywa changu, wasikuite tena jina lile. Sitaki kiti. Wewe ukae mbele yangu, na usiponiinulia mkono, sitaanza.

Msalimie sana mama wa nyumba yako, ila nakusihi usimsomee barua hii mpaka hasira zako zipoe, asije akazipokea zikiwa bado za moto. Kelele anakusalimu, na anauliza kama anaweza kubaki na ile picha. Ameibandika juu ya mitambo yake na anasema haishuki, hata iwe sauti ya nani.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na aibu,

Mume wa marehemu dada yako