Boksi la Wengineo

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, hata kabla hujanisalimu, maana najua barua zako huanza na shikamoo hata ukiwa umenuna. Mwili wangu ni mzima, ila kichwa kinanigonga tangu Jumatatu. Natumaini nawe hujambo, na goti la mama limepungua uvimbe. Mwambie aache kupanda ngazi za jirani kufuata umbea. Umbea ukiiva utashuka wenyewe.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, na nimechelewa kuijibu kwa makusudi. Umejaza kurasa tatu kwa swali moja: umeomba kazi kwenye kampuni thelathini na moja za fedha, hakuna hata moja iliyokuita, basi nikwambie kama dada, kasoro yako ni nini? Ukasema nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya.

Kasoro huna. Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mtu amefaulu mitihani miwili ya bodi ya uwekezaji huku anauza misumari na rangi kutwa nzima, kasoro yake iko wapi? Ule mpango tuliupanga wote kwenye meza ya mama, likizo ile mvua ilipotufungia ndani. Tulisema chuo chetu hakina jina, kwa hiyo mitihani ya bodi ndiyo itakayokusemea. Tukasema ujifunze kusoma hesabu za makampuni, uandike uchambuzi wako mwenyewe, uhudhurie mihadhara ya wazi ukajuane na watu wa kazi hii. Umefanya yote, hukuruka hata moja. Na ni mimi niliyekupeleka chuo kile cha juu ya duka la magodoro, ambako mwalimu wa takwimu alikuwa akinyamaza mpaka lori limalize kushusha mzigo ndipo aendelee. Nilikwambia jina si kitu, kinachofundishwa ni kilekile. Mimi nilikuwa nimesoma hapo na kazi nimepata, ukaniamini.

Sasa nikueleze ya huku ndani. Kila mwaka kampuni yetu huchukua vijana sita wa kufunzwa uchambuzi. Maombi lazima yaje kwenye bahasha, kwa sababu mkuu wa idara anaamini asiyejua kupanga karatasi hawezi kupanga fedha za watu. Bahasha nafungua mimi. Mkuu mwenyewe ni mtu mpole, humsalimia hata mfagiaji kwa kusimama. Alinipa maelekezo kwa sauti ileile anayoagizia chai: niangalie ukurasa wa kwanza, mahali palipoandikwa chuo. Wa vile vyuo vinne vikubwa niwaweke mezani kwake. Wengineo niwatie kwenye boksi la chini, lile lililokuja na printa. Nilimuuliza, kwani matokeo yao hayaangaliwi? Akajibu kwamba yataangaliwa ya walio mezani. Akaongeza kuwa hana ubaya na mtu, ni muda tu hana. Boksi likishajaa hufungwa kwa utepe, likakaa stoo mpaka zamu yake ya kuchanwa na mashine.

Utauliza mimi nilipitaje. Sikupita, mdogo wangu. Nililetwa na wakala wa ajira kushika mapokezi wakati dada wa mapokezi yuko likizo ya uzazi. Siku moja nikasaidia majedwali ya wiki, yakatoka sawa, wakanibakiza. Vyeti vyangu viliishia kwa wakala. Mkuu aliwahi kuniuliza nilimaliza mwaka gani, akakitaja chuo alichosoma yeye kana kwamba nami nimetoka huko, nami nikataja mwaka tu. Mwaka ulikuwa wa kweli. Tangu hapo wenzangu wakichekea kantini ya kule, nami nacheka. Miaka mitatu nachekea kantini ambayo hata mlango wake siujui!

Nimezunguka vya kutosha. Mficha uchi hazai.

Bahasha yako ilifika. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi, saa nne asubuhi. Mwandiko wako naujua, nimekushika mkono mwenyewe ulipokuwa unajifunza herufi. Msichana wa meza ya jirani alikuwa amekuja kunisaidia. Alisoma jina la ukoo, akaniuliza kama huyu ni ndugu yangu. Kisha akasoma jina la chuo, akacheka, akauliza kama hicho nacho ni chuo au ni kioski. Nikacheka naye. Nikasema wenye jina hilo la ukoo wako wengi. Halafu nikakuweka kwenye boksi, kwa mkono wangu huu. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kwamba nikikupeleka mezani kwa mkuu, mtu atauliza kwa nini, na mimi nitaumbuka.

Nilijidanganya kwamba jioni nitakutoa. Jioni boksi lilikuwa limeshafungwa na kupelekwa stoo, na mimi nikashukuru, Mungu anisamehe, kwamba ufunguo sina. Wale sita wakaitwa, wakasailiwa, wakapewa meza zao.

Jumatatu nilipewa ufunguo, nikatumwa stoo kutafuta wino wa printa. Nikakata utepe, nikatoa bahasha yako, nikasoma nimekaa sakafuni. Ule uchambuzi wako wa kiwanda cha saruji, ulivyoanza na mafundi wanaokuja dukani kununua nusu mfuko badala ya mfuko mzima, ukafika hadi kwenye faida ya kiwanda! Kazi za wale sita nimeziona zote, hakuna anayekufikia. Sisemi kwa udada.

Nikaenda nayo kwa mkuu. Nikamwambia huyu ni mdogo wangu, chuo chake ndicho changu, na kile chao sijawahi kukikanyaga. Akavua miwani, akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akauliza sasa mbona nafanya kazi vizuri. Wallahi ningefurahi angenitukana. Ukurasa wako wa kwanza aliusoma amesimama, wa pili akakaa. Alipomaliza akasema ni kazi nzuri, ila nafasi zimejaa hadi mwaka ujao. Habari yangu mimi atawafikishia wakubwa.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Jengo zima lile lina mtu mmoja tu aliyejua chuo kile kinatoa watu wa namna gani, na huyo ndiye aliyekutia boksini. Wale wengine hawakujua. Mimi nilijua.

Bahasha yako nimeiambatanisha humu. Ipeleke kwingine mapema, kabla bei ya saruji haijabadilika, hesabu zako bado ni mpya. Mama usimwambie kitu. Nitakuja Jumamosi nimweleze mwenyewe, kama utanifungulia mlango. Usiponifungulia nitakaa barazani, sitagombana.

Msalimie mama, na majirani wa juu na wa chini. Nawe sikuombi unijibu upesi, soma kwanza mpaka hasira zikuishe, au zikupande, vyovyote ni haki yako.

Ni mimi, dada yako.