Kibuyu Alichokuja Nacho Charo

Mke wangu Kadzo,

Pokea salamu kutoka huku Uarabuni. U hali gani wewe na watoto? Mguu wa mama umepona? Mimi mzima, ila mgongo umechoka na saruji. Barua hii nimempa mtu anayerudi Malindi, maana simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni yako peke yako.

Unajua Ijumaa zangu huwa kwa yule mzee Mhindi anayerusha ndege za kuchezea ndani ya ukumbi. Ni nyepesi kama unyoya, zinaendeshwa na uzi wa mpira uliosokotwa. Kazi yangu ni kupinda mapanga ya rafadha, yale yanayozunguka puani mwa ndege. Unachukua kibao chembamba kama karatasi, unakilowesha, unakifunga kwa kitambaa juu ya kopo, mshazari, kisha unakikausha kwenye tanuri la moto mdogo. Ukifungua, kimejipinda.

Basi Charo, jirani yetu, alipokuja kutoka huko kwetu Adu, nikamwingiza mimi mwenyewe katika karakana ya mzee. Sasa mzee hataki mapanga yangu. Charo hafungi kwenye kopo. Anafunga kwenye kibuyu, pale tumbo linapopanda kuwa shingo, na ndege yake inapaa polepole, inakaa juu mpaka watu wanachoka kutazama. Mzee anampigia makofi.

Kadzo, kibuyu kile nakijua. Ile mistari ya kuchoma kwa msumari ni ya mkono wako.

Nilimuuliza, "Umekitoa wapi?"

Akacheka mbele ya watu. "Shemeji alinipa siku ya safari. Kwani wewe hakukupa kitu, kaka?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi siku ya safari yangu ulinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye gazeti.

Mzee aliniambia niazime kibuyu, nifungie na mimi. Nikakataa. Anataka kubakiza mmoja wetu karakanani moja kwa moja, asibebe saruji tena. Naona atakuwa Charo.

Niambie kweli: ulimpa kiwe chake, au ulimpa aniletee? Kama ni changu, nitakichukua mbele ya hao hao waliocheka. Kama ni chake, usinitengenezee kingine.

Mwambie mama shikamoo. Msalimie mdogo wangu Karisa anayechunga mbuzi, na dada anayekusaidia shambani. Mama yake Charo naye msalimie, hana kosa, ila usimwambie nimeuliza.

Ni mimi mumeo, roho juu,
Kazungu