Jiko Lilikuwa Nje

Makongeni, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpendwa Mbinya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa ndugu yako Mutunga. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba mvua imewakumbuka huko Kilome. Mimi mwili ni mzima. Ndengu ulizonitumia zilifika Jumanne, asante sana. Nimezichambua mara mbili na bado sijazipika. Sababu utaiona, lakini usikimbilie chini, soma polepole.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Dada, nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mbuzi.

Shemeji Kyalo anaendeleaje? Vidole vimeanza kukunjika? Uliniambia unamlisha uji kwa kijiko lakini humsemeshi, kwa sababu uzembe wake nusura ukuulie ndugu. Maneno hayo hayajaniacha tangu uliponiambia.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yetu. Samani ikishapigwa msasa tunaipaka vanishi iliyochanganywa na thina. Hiyo thina ni maji ya ajabu. Ikikumwagikia mkononi unasikia baridi, ukigeuka imeshakauka, na harufu yake hupanda kichwani mpaka ukacheka bila kuchekeshwa. Ukiitia kwenye kikombe cha plastiki, kikombe kinalainika. Siku yangu ya kwanza shemeji alinikataza kunawa mikono kwa thina, akanikataza kuiweka kwenye chupa ya soda mtu asije akainywa. Kisha akaniambia neno nililolisikia kila asubuhi kwa miaka miwili: "Mvuke wake ni mzito, Mutunga. Huuoni, lakini unatambaa sakafuni kutafuta moto." Kwa hiyo madirisha kwetu hayafungwi, na jiko la chai hukaa nje, ng'ambo ya mtaro. Mimi nilikuwa namcheka, nikimwita mwalimu wa kemia.

Siku ile ya moto tulikuwa tunamalizia mimbari ya kanisa. Mzee Obura, mwenye karakana, alikuwa ametuonya kwamba vumbi la Jogoo Road likigusa vanishi mbichi tutairudia kazi yote. Shemeji akaenda kununua msasa. Alipoondoka tu upepo ukavuma, nami nikafunga madirisha yote mawili nikaendelea kupaka. Mafundi wengi hufanya hivyo, dada. Tunaogopa vumbi kuliko moto.

Ulichosikia wewe ni kwamba jiko la Kyalo lilikuwa mlangoni, mvuke ukashika moto, naye akaungua mikono. Hiyo ni nusu ya habari. Mikono ile iliungua ikizima shati langu. Alirudi akakuta moto umenizuia ndani, akaruka akaingia, akanipigapiga kwa viganja vitupu mpaka shati likazimika. Mimi nilitoka na malengelenge matatu shingoni.

Baadaye Mzee Obura alikuja akauliza lile jiko lilikuwa la nani. Shemeji, mikono yote miwili ikiwa imefungwa bandeji, alinitazama. Kisha akajibu, "Jiko ni langu." Akaachishwa kazi pale pale. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya wiki sita, na imenichosha. Dada, jiko lilikuwa nje, pale pale alipoliweka mumeo. Manyunyu yalianza chai haijachemka, na mimi ndiye niliyelibeba nikaliingiza mlangoni, madirisha nikiwa nimeyafunga kwa mkono wangu. Wala sikusahau. Maneno yake yalinijia nikiwa nimelishika, nikasema moyoni, dakika tano tu. Nadhani shemeji aliona haya kumshtaki ndugu ya mkewe mbele za watu, akanibebea. Nami nikaona nafuu, Mungu anisamehe. Ndiyo sababu nimeshindwa kuzipika ndengu zako.

Jana nilikwenda kwa Mzee Obura nikamweleza yote. Akasema Kyalo akipona arudi kazini, nafasi yake ipo. Kwangu alisema neno moja tu, funguo. Nimezirudisha.

Kama una hasira, nikasirikie mimi. Nitakuja mwenyewe mwisho wa mwezi, na ukinifungia mlango nitakaa nje na mbuzi wako mpaka uchoke. Wasalimie watoto, msalimie na mama, umwambie shingo yangu imepona.

Na shemeji pia umpe salamu zangu. Kwa kuwa bado hawezi kushika karatasi, nakuomba umsomee wewe barua hii, kwa sauti, kuanzia juu mpaka hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Mutunga