Mzee Uthman Hakumwoa Mkeo

Kyebando,
Kampala.
14 Novemba 1975

Mpendwa Farouk, mwana wa kaka yangu,

Assalaam alaykum. Hujambo? Kifua chako je, bado kinabana kwa baridi ya Nairobi? Unakula vizuri? Chumba ulichopanga huko Majengo kimeacha kuvuja? Nakuuliza haya kwanza kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na hasira haitanifanya nisahau adabu. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wa mume wangu, Mzee Uthman, umepungua kuvimba. Sukari hatujaiona tangu Idi, chumvi tunaipata kwa magendo, na miwani yangu imevunjika, fundi anasema hana kioo.

Basi, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Barua yako imefika. Mbambu, yule mama wa Kikongo wa Bwaise anayekuja huko na vitenge vyake, aliileta mpaka mlangoni, na hii pia ataibeba yeye katikati ya mzigo, maana posta yetu siku hizi ina macho. Alinikabidhi akaniambia, "Mama, uso ya ule kijana haikukuwa muzuri." Nikadhani unaumwa. Laiti ungekuwa unaumwa!

Unajua nani aliyeisoma? Mimi sina miwani. Mzee anasoma herufi za Kiarabu tu. Aliyeisoma ni Hajara, mkeo, kwa sauti, sisi wawili tumekaa mkekani tumetega masikio. Alipofika pale ulipoandika, "Naona huyo mwanamke ameshapata mume hapo hapo nyumbani, basi Mzee amchukue, mimi simtaki tena," aliendelea vilevile. Alisoma hadi jina lako la mwisho, akaikunja, akaenda kuchambua mchele. Mzee aliiacha chai yake ikapoa. Na mimi, Farouk, nilitamani uwe karibu nikuzabe kibao, na ukubwa wako wote huo na ndevu zako.

Hivi unatuona sisi watu wa namna gani?

Wewe mwenyewe ndiye uliyetuomba tukuolee. Ulipokimbia mwaka juzi kwa ajili ya ile gari waliyokunyang'anya wale jamaa wa bunduki, nawe ukathubutu kwenda kuidai, tulijua hutarudi upesi. Ukasema Hajara asikae bure akikungoja, nikaha ifungwe, Mzee Uthman awe wakili wako. Tukafanya. Baada ya Maulidi, sebuleni kwangu, Abubaker kaka yake Hajara akamwozesha akiwa walii wake, na mume wangu akajibu mbele ya watu wote kwamba anaipokea ndoa kwa niaba yako. Jina lako alilitamka mara tatu. Wali uliliwa, wanawake wakapiga vigelegele mpaka jirani Mkristo akaja kuuliza kuna nini, naye akapewa sahani.

Kosa lilitoka ofisini tulipokwenda kutafuta cheti. Karani tuliyemkuta pale amepewa kiti kwa sababu binamu yake anavaa magwanda, ndoa ya Kiislamu haijui hata kwa harufu. Akauliza nani aliyeikubali ndoa. Mzee, kwa uaminifu wake, akanyoosha kidole. Basi akamwandika yeye kuwa mume! Kwa Kiingereza! Na Mzee akatia sahihi yake ya Kiarabu huku anatabasamu, nasi tukakutumia karatasi hiyo kwa furaha ili watu wa uhamiaji huko wampe mkeo ruhusa ya kuishi nawe.

Najua ofisa wa huko alicheka alipoona jina. Kucheka ndiyo kazi yao. Ningekuwa wewe hata mimi ningeona haya. Lakini mtu akiona haya huuliza. Hukuuliza. Ulimdhania uchafu mzee aliyekufundisha kushika kalamu na kukufunga kilemba siku uliyohitimu Kurani. Na mimi je, hukunikumbuka? Mzee Uthman angeniletea mke mwenza humu ndani, na wewe usingesikia kelele zangu hadi huko Majengo?

Tulirudi ofisini kusahihisha. Nikamweleza karani mambo ya wakili, taratibu, kama ninayemfundisha mtoto. Akanijibu, "Mama, mimi naandika mutu naona na macho. Huyu muzee ndiye alisimama hapa. Kama bwana ni ingine, yeye akuje asimame." Nikapandisha sauti. Hapo akachukua kalamu akaniuliza jina lako kamili, na uko wapi siku hizi, na askari aliyekuwa anasinzia mlangoni akafumbua macho. Nikasema sijui. Nilimlea mtoto kwa mikono yangu miwili, kisha nikasema sijui alipo! Nikatoka na hasira yangu nimeimeza, na leo nakutapikia wewe, kwa sababu yule karani siwezi.

Njia iliyobaki ilikuwa moja, kwamba mume wa kwenye karatasi amwache mke wa kwenye karatasi. Bila hivyo hakuna kadhi wa huko Kenya atakayekuandikia ndoa na mke wa mtu. Basi juzi Mzee akaenda kwa sheikh akatoa talaka, ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Sheikh alimtuliza kwamba mbele ya Mungu hayo ni maneno matupu, huwezi kumwacha usiyemwoa. Lakini neno hilo halijapata kutamkwa nyumbani mwangu miaka yote hii, hata siku tulizogombana vibaya, na mume wangu ameanza kulitamka uzeeni kwa ajili yako. Alirudi akalala mchana kutwa.

Ulidhani nimemaliza? Bado.

Hajara naye alikwenda kwa sheikh, amechukua barua yako. Hakutuambia mpaka aliporudi. Alimwekea mbele, akamwuliza kama maneno yale ni talaka. Sheikh aliyasoma mara ya kwanza, akayarudia. Akamwambia kwamba maneno ya namna hiyo yanategemea nia ya aliyeyaandika. Kama ulikusudia kumwacha, umeshamwacha, na itabidi umpose upya, akitaka. Kama zilikuwa hasira tu bila nia hiyo, bado ni mkeo. Hakuna anayeweza kulijibu hilo ila wewe.

Unaona ulichokifanya? Serikali nzima na mihuri yake haikuweza kuivunja ndoa yako. Karani mjinga hakuweza. Mwenye kuiweza ni wewe, kwa wino wako, umekaa kwenye kitanda chako salama, hakuna anayekugongea mlango.

Sasa sikia. Jumamosi ya tarehe 29 mimi na Abubaker tutakwenda na Hajara hadi Busia. Pasi za kuvuka tumeshapata, usiulize kwa njia gani. Karatasi ya talaka ya Mzee tunayo. Wewe ufike upande wa pili, uje na majibu yako, na uwe umeshazungumza na kadhi ili mpate cheti cha kweli, chenye jina lako. Ulikusudia au hukukusudia? Usiniongopee, na usimwongopee Mungu. Usipotokea, tutarudi naye Kyebando, na hapa hatasumbuliwa na mtu, kwani huyu ni binti yangu hata kama wewe si mume wake.

Mzee Uthman anakusalimu. Nilimkataza, akasema yeye hana kinyongo. Mimi ninacho. Abubaker anakusalimu kwa mkato, nawe utajua kwa nini. Nisalimie mama mwenye nyumba wako, mwambie asante kwa kukupikia uji ulipougua.

Mungu akulinde na barabara, na baridi, na mdomo wako mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye, na ndiyo maana napiga kelele,

Mwanawetu

Farouk, mwandiko bila shaka umeutambua. Shangazi amesema, mimi nimeandika, kila neno, hata yale yanayonihusu. Amemaliza. Haya machache ni yangu. Jumamosi hiyo nitasimama upande wetu wa Busia mpaka nikusikie. Jibu usimpe Mbambu, wala kaka, wala shangazi. Safari hii usitume wakili.

Hajara