Uji Uliotaka Nikupikie

Wifi yangu Rebeka,

Mvua imeanza hapa Nakuru, na paa la nyumba yetu katika landi, makazi haya ya wafanyakazi wa reli, bado linavuja palepale, juu ya kitanda chako. Kaka yangu anasema atalitengeneza. Unamjua mumeo.

Tumbo lako lilipoanza kufura, wanawake wa landi walijaa mlangoni na kuni na unga wa wimbi wa uji wa mwenye mimba. Mimi nikafuma kofia ya mtoto. Miezi ikapita, mtoto hachezi, mguu ukafa ganzi, mkojo ukawa taabu. Minong'ono ikaanza: ni huyu wifi tasa, aliyefukuzwa na mumewe akaja kukaa kwa kakake, amemfunga mtoto tumboni. Uji wangu ukawa hauguswi na mtu. Nilikuwa nimefunga mizigo, Rebeka, na sikuwa na pa kwenda.

Kaka akakupeleka hospitali; huko walikata kipande cha nyama kwenye uvimbe wako, kikapelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yaliporudi ulimshika dresa, yule msaidizi wa daktari, hukumwachilia mpaka akakueleza ukaelewa. Wanawake walipokuja kukuona ukawaambia: "Sikilizeni, nyinyi. Si mimba, wala si mkono wa mtu. Ni kansa ya nyama laini, imeota ndani ya nyonga, nje ya kizazi. Mle ndani kuna nafasi, ndiyo maana imekua bila kujulikana. Huwapata watu wachache sana, na daktari mwenyewe hajui kwa nini mimi. Salome, lete uji wako."

Ukanywa kikombe chote mbele yao, na najua kila funda lilikuumiza. Halafu ukanirudishia kikombe: "Sukari ni kidogo mno, kama kawaida yako." Walicheka. Mimi nililia.

Asante, wifi. Hukupona, lakini ulinirudishia jina langu. Siku hizi wanawake walewale huniachia watoto wao wakienda sokoni. Juzi binti ya jirani alifura paja, mtu akaanza kutafuta mchawi. Mama wa binti akamkatiza: "Rebeka alituambia nini?" Wakampeleka hospitali siku hiyohiyo.

Watoto wako wanakua. Wakiuliza, nitawaambia ugonjwa uliokuchukua, na sitataja jina la mtu. Asubuhi wanakunywa uji wangu, na yule mdogo hununa kwamba sukari ni kidogo, kama wewe.

Lala salama, wifi. Nitaongeza sukari.

Salome